Naombeni ushauri: muuzaji kakasirika nilipomwomba cheti

Mzigo_Kwanza: Habari wakuu. Nasimamia kundi la mtandaoni la wanunuzi wa jumla, wanachama wa nchi mbalimbali. Nimemwomba muuzaji cheti cha usajili wa biashara, akasema nimemvunjia heshima. Nusu ya kundi wanamtetea, nusu wanataka kujitoa. Nifanyeje?

Karani: Ulimwomba mbele ya kundi? Kosa liko hapo. Kwa wengine, kudaiwa hati hadharani ni kuitwa mwizi. Kwa wengine, asiyedai hati ndiye wa kutiliwa shaka. Sharti liwe la kila anayejiunga, na hati zije kwako faraghani.

Bi_Stakabadhi: Taobao, soko la mtandaoni lililoanza 2003 huko China, ililielewa hilo. Mnunuzi alipiga soga na muuzaji kabla ya kununua, na Alipay, huduma ya malipo ya soko hilo, ikashikilia pesa hadi mzigo ufike. Mazoea kwanza, ila pesa iko mahali salama.

Nanga: Mtoa mada, pesa imeshatoka?

Mzigo_Kwanza: Asilimia 30 tu. Muuzaji ni shemeji wa mwanachama wetu wa siku nyingi, na huyo mwanachama kamdhamini. Mtu wa namna hiyo hawezi kuuaibisha ukoo.

Nanga: Akaunti ina jina la kampuni?

Mzigo_Kwanza: Lake binafsi. Anasema ya kampuni iko kwenye ukaguzi.

Bi_Stakabadhi: Jamani! Mdhamini ni yule mwenye cha kupoteza. Muulize kwa maandishi: mzigo usipofika, atairudisha hiyo 30? Akikwepa, basi alikutambulisha tu.

Mpekuzi: Wakuu, hii chai. Mwanzo alikuwa anaomba cheti, sasa kumbe kashalipa. Kesho ataleta linki ya kampuni ya kushika amana.

Mzigo_Kwanza: Si chai. Pesa ni ya wanachama 11, ndiyo maana nilisita kusema. Asilimia 70 natuma Ijumaa akinipa nakala ya hati ya shehena, ile ya kampuni ya meli kuonyesha imepokea mzigo.

Nanga: Usitume kwa nakala peke yake, inaghushiwa. Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7. Ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia, kwa hiyo namba ya kubuni mara nyingi hukataa. Iingize kwenye tovuti ya kampuni ya meli uliyoitafuta mwenyewe. Linganisha bandari na tarehe, kisha waulize kampuni ya meli kama hati hiyo ni yao.

Karani: Na hao 11 waambie leo.

Mzigo_Kwanza: Nikiwaambia leo kundi linavunjika. Ngoja nimwombe namba ya kontena kwanza, faraghani.