Audacity haioni maiki ya USB kwenye Ubuntu: ALSA, PipeWire au JACK?

Msimulizi_Tanga
Wakuu, habari za jioni. Nina laptopu ya Ubuntu 24.04 (aina ya Linux) na maiki ya USB ya kurekodia hadithi za watoto. Kwenye kivinjari maiki haina shida, nikipiga simu ya video nasikika vizuri. Nikifungua Audacity, programu ya kurekodia sauti, orodha ya vifaa vya kurekodi ina "default" tu. Rafiki yangu kasema niende ALSA (sehemu ya Linux inayoendesha kadi za sauti) moja kwa moja, binamu kasema JACK (mfumo wa wanamuziki wa kupitisha sauti kati ya programu). Nishike lipi?

FundiWaya
Mkuu, maiki uliichomeka kabla au baada ya kufungua Audacity? Programu hii hukagua vifaa inapowaka. Ukichomeka baadaye haina habari. Bonyeza Audio Setup, halafu Rescan Audio Devices. Isipotokea, fungua terminali uandike `arecord -l`, itaorodhesha vifaa vya kurekodi. Maiki ikiwa imo humo, kerneli (kiini cha mfumo) inaiona, basi kosa liko juu zaidi.

Msimulizi_Tanga
Niliichomeka mapema. `arecord -l` inaionyesha kama card 1, device 0. Audacity niliichukua kwenye duka la programu la Ubuntu lenyewe.

BintiPwani
Hapo ndipo penyewe! Bila shaka ni snap, yaani programu iliyofungashwa kwa mtindo wa duka la Ubuntu. Snap hufungiwa chumbani kwake, na vifaa vingine haigusi mpaka umpe ruhusa. Andika `snap connections audacity`. Ukiona mbele ya alsa kuna kistari tu, andika `sudo snap connect audacity:alsa`, ufunge Audacity na kuifungua tena. Mimi nilipoteza Jumamosi nzima nikibadilisha waya, kumbe waya hazina kosa.

Mzee_wa_Redio
Akishapata ruhusa achague hw:1,0 (yaani card 1, device 0 moja kwa moja kupitia ALSA) amalize. ALSA ndiyo inayozungumza na kadi ya sauti, hao wengine wote ni madalali.

BintiPwani
Shikamoo mzee. Kwa studio yenye kadi moja isiyochomolewa, sawa. Ila hw hushika kifaa peke yake. Kivinjari kikitangulia kuishika maiki, Audacity itasema "Error opening recording device". Tena maiki nyingine za USB zinakubali 48000 Hz tu. Mradi ukiwa 44100, kwa hw hakuna wa kubadilisha, inagoma. Na ukichomoa ukachomeka, card 1 inaweza kuamka card 2.

Mzee_wa_Redio
Marahaba. Hilo la 48000 nakubali, limewahi kunitoa jasho. Lakini mimi sifungui kivinjari nikirekodi.

FundiWaya
Kwa sauti ya mtu mmoja mimi nabaki na PipeWire, huduma inayogawa sauti kati ya programu na vifaa. Fedora, aina nyingine ya Linux, waliiweka rasmi kuanzia toleo la 34, mwaka 2021. Ubuntu wakafuata na 22.10. Kwa hiyo mkuu unayo tayari. Acha Audacity kwenye "default", sakinisha pavucontrol (dirisha la kupangia sauti), anza kurekodi, KISHA fungua kichupo cha Recording, ndipo uchague maiki. Wengi hukifungua kabla, wanakuta patupu, wanadhani kimeharibika. Audacity huonekana humo wakati inaposikiliza tu.

kinanda_na_ngoma
JACK naitumia mimi, kwenye Ardour (programu ya studio ya muziki), nikiwa na vyombo vinane kwa pamoja na nataka kuunganisha programu na programu. Siku hizi hata jackd (programu yenyewe ya JACK) siiwashi, pipewire-jack, inayoifanya PipeWire ijifanye JACK, inatosha: `pw-jack audacity`, kisha kwenye Host unachagua JACK. Kwa hadithi za watoto ni kukodi lori la kubebea mkungu mmoja wa ndizi. Binamu yako ni mpiga gitaa?

Msimulizi_Tanga
Ni mpiga gitaa kweli, umejuaje 😂

Mrejesho: mbele ya alsa kulikuwa na kistari. Nimetoa ruhusa, nikafungua upya, jina la maiki likatokea. Nimejaribu hw:1,0 kwa heshima ya mzee, ikagoma. Kivinjari kilikuwa wazi. Nimerudi "default", nikachagua maiki kwenye pavucontrol wakati inarekodi, mawimbi yakaanza kucheza. Dada BintiPwani, asante sana.

Sasa nimebaki na jogoo wa jirani. Huyo anasikika kwenye ALSA, PipeWire na JACK.