Rich, colorama au termcolor: nichukue ipi kwa maandishi ya rangi?

MtotoWaKongowea
Salaam wakuu. Naandika programu ya stoki kwa Python, ya duka la nafaka. Nataka bidhaa inayokaribia kwisha itoke nyekundu iliyokolea, iliyojaa itoke kijani. Kuna maktaba tatu za Python za kutia rangi maandishi: Rich, colorama na termcolor. Nichukue ipi? Jumamosi namkabidhi mwenye duka.

FundiChangamwe
Mbona hujasema kompyuta ni gani? Windows ama Linux? Ya zamani ama mpya?

PwaniLinux
termcolor, basi. `cprint("Sukari", "red")` na kazi imekwisha. Rich kwa orodha ya duka ni kuita kreni ya Kilindini kuinua kikapu cha mbata.

DadaMisimbo
Yakhe, stoki ni jedwali, na Rich inakuchorea jedwali lenye mistari na safu zilizonyooka. Hiyo termcolor yako utakaa ukihesabu nafasi kwa mkono.

BabaKisauni
Rich nzuri, lakini iangalie na mabano ya mraba. Kuna ofisi ya mizigo walikuwa wakiandika "Mchele [pishori]" na "Mchele [basmati]". Kwenye skrini zikatoka "Mchele" mbili, hazina tofauti. Rich ilidhani lile neno ni amri ya mtindo, kama vile `[bold]` ya kukoleza herufi. Ilipokosa kuutambua ikaumeza kimya, hakuna kosa lililotokea. Karani akapakia gunia zisizo zake, mteja akaja juu. Kilichowachanganya zaidi, aliyeandika `[Pishori]` kwa herufi kubwa lake lilibaki. Siku mtu alipoandika `[/kg]`, programu nzima ikaanguka. Data ya watu ipitishe kwanza kwenye `escape` ya `rich.markup`, ili mabano yasomwe kama maandishi ya kawaida.

PwaniLinux
Si nilisema?

DadaMisimbo
Hukusema hilo, ulisema kreni.

MtotoWaKongowea
Samahani, kompyuta ni Windows 7.

FundiChangamwe
Ndiyo maana niliuliza! Dirisha jeusi la Windows 7 halielewi alama za ANSI, zile za siri zinazoiambia skrini ibadilishe rangi. Ukitumia termcolor peke yake, utaona `[31mSukari` badala ya wekundu. colorama kazi yake ni kuzitafsiri hizo alama, basi weka zote mbili. Rich nayo inafanya kazi hapo, ila rangi haivuki 16. Na Python usipande juu ya toleo la 3.8, kuanzia 3.9 haikubali Windows 7.

BabaKisauni
Mwambie mwenye duka anunue mashine nyingine.

FundiChangamwe
Ya Windows 10? Microsoft imeacha kuihudumia tangu Oktoba 2025.

PwaniLinux
Muwekeeni Linux jamani.

DadaMisimbo
Nani atamfundisha, wewe?

PwaniLinux
Niko Nyali, aje.

MtotoWaKongowea
Amenipigia sasa hivi. Anataka orodha hiyo hiyo itoke pia kwenye printa ya risiti, na rangi zake.

FundiChangamwe
Printa gani?