Mrejesho: mtoto aliyekunywa mafuta ya taa

Wadau, salaam. Mimi ndiye niliyeuliza juzi usiku: mpwa wangu wa miaka miwili kanywa mafuta ya taa, nyanyake ashachemsha maziwa, tumpe au tumtapishe kwanza?

Alhamdulillahi, mtoto mzima. Waliojibu "msimtapishe, msimpe kitu, kimbieni hospitali" wamenisaidia sana. Nyanya alinuna, na sufuria ya maziwa ikabaki jikoni. Tulimvua fulana iliyolowa, tukamwosha kifua kwa sabuni na maji, tukatoka Likoni na tuktuk hadi feri ya kuvukia Mombasa kisiwani. Pale ndipo roho iliponitoka: geti limefungwa, tunasubiri feri igeuke, na mtoto ameanza kukohoa. Nikamshika wima begani. Pumzi yake ilinuka kibatari.

Ile chupa tuliibeba, na daktari aliiulizia mwanzo. Akatueleza kuwa hatari ya mafuta ya taa si tumbo hasa, ni mapafu: akitapika, yanapanda na kuingia njia ya hewa. Kwa hiyo hawakumwosha tumbo. Walimpima oksijeni kidoleni, wakampiga picha ya kifua baada ya saa kadhaa, na kwa sababu ya kile kikohozi tukalazwa hadi kesho yake.

Aliyeuliza ilikuwa chupa gani: ya soda, nusu lita, chini ya meza karibu na jiko. Niliiweka mimi mwenyewe. Dada bado hajanisemesha vizuri.