Naomba ushauri: binamu ni nani hasa?

Ndugu zangu wapenda lugha, naomba ushauri kuhusu neno binamu, ambalo limenikwamisha ninapoandaa orodha ya wanafamilia watakaotambulishwa kwenye harusi ya mdogo wangu.

Asili yake ni Kiarabu, ambako "ibn amm" ni mtoto wa kiume wa ami, yaani wa ndugu wa kiume wa baba. Kwetu bara, hata hivyo, mtoto wa baba mdogo ni kaka au dada moja kwa moja, na binamu ni mtoto wa mjomba au wa shangazi, yaani tumelipokea neno kisha tukampa yule ambaye halikumkusudia kabisa. Jana nilipomwandika mtoto wa baba mdogo kuwa binamu, shangazi alichukua kalamu, akalikata na kuandika "kaka", bila kusema lolote.

Je, niandike binamu kwa watoto wa mjomba na wa shangazi tu, au nieleze kwa kirefu, "mtoto wa mjomba"? Na kwa msichana, wenzetu wa pwani bado mnasema bintiamu, au binamu hutosha kwa wote?