Tupeane uzoefu: gari ya zamani inayovuta hewa kwenye injini

Mnyalukolo
Kamwene wakuu. Jana Mafinga nimesikia pikapu ya mbao inapiga mluzi chini ya boneti, nikakumbuka nilivyoteseka na Hilux yangu ya petroli, ile ya injini 22R yenye kabureta ya kuchanganya petroli na hewa. Asubuhi za Juni, baridi ya Mufindi mnaijua, sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda inashuka, ukiachia mafuta inazima. Ikishapata moto inatulia kabisa, kwa hiyo fundi ukimpelekea saa sita mchana anakwambia gari nzima. Nikauziwa plagi, koili, mpaka pampu ya mafuta. Kumbe gasketi ya chini ya kabureta: ikiwa ya baridi hewa inapenya, chuma kikitanuka kwa joto panaziba. Wenzangu ilikuwaje?

Spana 14
Gasketi hiyo hiyo. Angalieni na kampira kanakokwenda kwenye distribyuta, ile inayogawa moto kwenye plagi, kanapasukia kwa chini.

Kijana wa Soweto
Kaza skrubu ya sailensa, maisha yaendelee.

Spana 14
Mdogo wangu, huko ni kuficha ugonjwa. Hewa inazidi mafuta, ukipanda na mzigo injini inachemka, valvu zinaungua.

Tukuyu Moja
Mimi namwagia petroli kidogo kwenye maungio ya menifodi, yale mabomba ya kuingizia hewa, injini ikiwa inawaka. Mlio ukipanda tu, nimepapata.

Fundi Mwanjelwa
Kaka, acha kabisa! Waya wa plagi ukirusha cheche umeunguza gari na wewe mwenyewe. Tumia maji ya sabuni.

Tukuyu Moja
Nimejaribu, sijaona povu lolote.

Fundi Mwanjelwa
Povu litoke wapi wakati panafyonza? Ukipapata, maji yanavutwa ndani, mluzi unakatika na mlio wa injini unabadilika kidogo. Mwenye geji ya vakyumu, ile ya kupima injini inavyofyonza, asitishwe na vitabu vinavyosema inchi 17 hadi 21 za zebaki, hizo ni za usawa wa bahari. Kila mita 300 unazopanda, toa kama inchi 1. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700, ukiona 12 hadi 15 na mshale umetulia, hiyo nzima.

Dereva wa Uporoto
Nyie mnalia na sailensa, mimi nilikosa breki. Isuzu ya dizeli, viazi vimejaa kutoka Isyonje, nateremka Igawilo, ukungu umetanda. Breki ya kwanza ilishika. Ya pili ikashika kwa mbali. Ya tatu pedeli ngumu kama jiwe. Nikarudisha gia ya tatu, injini ikalia, nikaingiza ya pili, nikasimama juu ya pedeli kwa miguu yote miwili huku utingo anavuta handibreki. Mbele kuna akina mama wamepanga karoti zao pembeni ya barabara. Mungu mkubwa, tairi la mbele likaingia mtaroni, gari ikasimama. Kufungua boneti: mpira unaotoka pampu ya vakyumu, ile ya nyuma ya altaneta, umelainika kwa oili na kuchomoka, klipu ya waya inaning'inia.

Mnyalukolo
Pole sana kaka. Akina mama walipona?

Dereva wa Uporoto
Wote salama.

Kijana wa Soweto
Mbona dizeli haina vakyumu?

Fundi Mwanjelwa
Menifodi yake haifyonzi vya kutosha, ndiyo maana ikafungiwa pampu. Na hapo ndipo hatari ilipo: mpira ukichomoka, injini inaunguruma vizuri tu, utajua ukikanyaga breki. Asubuhi kabla ya kuwasha, kanyaga pedeli mpaka iwe ngumu, ishikilie, kisha washa. Ikizama kidogo, busta, ile inayosaidia mguu kwenye breki kwa vakyumu, inapata. Isipozama, usiondoke.

Bibi Ntokela
La kwetu lilifungwa mpira wa baiskeli, likafika Kyela.

Spana 14
Shikamoo bibi. Kwa mteremko ule, msirudie. Hata mpira wa rejeta unajikunja ukifyonzwa. Nunueni ule mgumu wa busta.

Dereva wa Uporoto
Ndaga fijo fundi. Mimi nimeweka mpya, na klipu ya skrubu.