Swift Sport ya mtumba kwa safari za kila siku

Swali: Ndugu zangu, natafuta gari dogo la kwendea kazini ambalo litanifurahisha barabarani bila kunimaliza mfukoni. Je, Suzuki Swift Sport ya miaka ya 2005 hadi 2010, yenye gia za mkono, inafaa?

Jibu la kwanza: Inafaa sana. Injini yake ya lita 1.6 haina tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia hewa zaidi ili iongeze nguvu) na hutoa nguvu za farasi 125 hivi, lakini kwa kuwa gari lenyewe lina uzito wa takriban kilo 1,060 tu, ukipanda kona za mlimani za Mombo hadi Lushoto, mkoani Tanga, kwa gia ya pili na ya tatu utaifaidi injini yote pasipo kuvunja sheria ya mwendo, raha ambayo mwenye gari la nguvu za farasi 300 haipati kwa urahisi.

Jibu la pili: Nakubaliana, ila kagua klachi, bushi na shokapu kabla ya kulipa, kwani wengi waliotangulia walilikimbiza. Ukiagiza Japani, gari la umri huo litatozwa pia ushuru wa uchakavu, yaani kodi ya ziada kwa magari ya zamani. Mimi ningetafuta lililokwisha kusajiliwa nchini.

Jibu la tatu: Fedha itakayobaki usiipeleke kwenye injini. Nunua matairi mazuri na pedi za breki.