Mliowahi kupiga dokumentari fupi mkiwa chuo, siku gani iliwatoa jasho? Tupeane uzoefu

Mpiga Tripodi
Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa tatu nasomea habari hapa Dar. Leo alfajiri nimepita soko la samaki Feri nikaona vijana wanne wa chuo, nadhani mwaka wa kwanza hao, wamesimika tripodi katikati ya njia ya wabeba mizigo, mwenye kamera jicho lote liko kwenye skrini hasikii watu wanavyompigia kelele pisha pisha pisha, nusura apigwe tenga la kichwa. Nikasimama nikawaangalia maana nilijiona mimi mwenyewe mwaka juzi, palepale.

Projekti yangu ilikuwa dakika nane, mama mmoja mkaanga samaki. Nilikaa naye siku nne nikiwa nambebea ndoo tu. Siku ya tano nikamhoji pembeni ya karai lake, akaanza kuongelea mwanae wa kwanza aliyemsomesha kwa karai hilohilo, akafika mahali akashindwa kuendelea, akawa anageuza samaki tu na chozi linashuka. Mimi nilikuwa natumia maiki ya kamera na hedifoni sina, nilijua nimemaliza kazi. Nafika hosteli nafungua, mama anafungua mdomo kinachotoka ni chaaaaa ya mafuta mwanzo mwisho, na jenereta ya mtu wa barafu nyuma.

Nikarudi kesho yake nikamuomba arudie. Akarudia, tena neno kwa neno kwa kunihurumia, lakini alikuwa kama mtu anayekusomea risiti. Supavaiza akaangalia zote mbili akaniambia "picha safi, lakini huyu wa pili siye". Mpaka leo nikipita pale natafuta njia nyingine.

Haya leteni na zenu, hao vijana wa leo wasome.

Fundi Sauti
Sauti sauti sauti. Picha mbaya mtu anavumilia, sauti mbaya anazima.

Kumi na Mbili Kamera Moja
Umenikumbusha mbali. Sisi huku Mombasa tulikuwa wanafunzi kumi na wawili kamera moja, unasaini kitabu unapewa masaa sita tu, ukichelewa kurudisha wiki nzima hupewi. Siku yangu nilifika kwa mzee wa kushona kofia, taa ziko sawa, mzee amevaa kanzu amependeza, nafungua mkoba betri haimo. Iko kwenye chaja ofisini kwa fundi wa vifaa na fundi ameenda kula. Mzee alinisubiri kutoka asubuhi hadi adhuhuri akiwa amekaa vilevile na kanzu yake asiikunje. Hilo ndilo liliniuma, kule kukaa kwake.

Mzee wa Kaseti
Nyinyi mna raha. Wakati wetu tulipigia kaseti za MiniDV za dakika 60, hakuna faili hapo, ni mkanda. Nilimhoji babu mmoja mpiga zumari Bagamoyo, tumemaliza nusu saa akasema nionyeshe nilivyotoka. Nikarudisha mkanda nyuma nikamwonyesha kwenye kile kioo kidogo, akafurahi sana akaita na wajukuu. Tukaendelea. Sikuusogeza mkanda mbele mpaka pale tulipoishia, nikabonyeza kurekodi kutoka pale alipokuwa anajitazama. Nilifuta zumari lote nikabaki na babu anasema asante karibuni tena. Jamani mkionyesha mtu picha yake hakikisheni mmejua mlipoishia.

Dada wa Kuediti
Mzee pole sana. Kwa kadi za sasa aliyefomati kwa bahati mbaya asikate tamaa. Toa kadi kwenye kamera SAA HIYOHIYO, usipige hata picha moja zaidi, ipeleke kwenye kompyuta kuna programu ya bure inaitwa PhotoRec, inachimbua faili zilizofutwa mradi hujaandika kitu kipya juu yake. Iliniokolea harusi nzima ya watu. Faili linalorudi liweke sehemu nyingine, usilirudishe kwenye kadi ileile.

Kijana wa Kirumba
Mimi nilipiga Mwaloni hapa Mwanza, wauza dagaa. Siku tatu nzima hakuna aliyekubali hata nipige mikono yake. Mzee mmoja ndiye akaniambia ukweli, "ninyi wenye kamera mlishatuuza". Alikuwa anasema ile dokumentari ya sangara ya 2004 aliyopiga Mwaustria hapa kwetu ikafika mpaka mchujo wa Oscar, halafu 2006 Rais Kikwete akaikemea hadharani. Mimi wakati ule nilikuwa mtoto, nikaja kulipia deni nisilolijua.

Nguru Mkavu
@Kijana wa Kirumba lakini ile filamu ilisema kweli. Mapanki tulikula hatukula? Mimi nimekulia hukohuko, minofu inapanda ndege mfupa na kichwa ndiyo mboga yetu.

Kijana wa Kirumba
Tulikula nani kakataa. Lakini panki lililokaangwa likaungwa nyanya ni mboga ya heshima kwetu, yeye akalipiga likiwa limelala kwenye matope na funza. Hapo ndipo ugomvi ulipo, siyo kwamba halipo, ni umelipigaje na umemuuliza nani.

Nguru Mkavu
Kwa hiyo tupige mazuri tu? Basi tusome matangazo ya biashara siyo uandishi.

Kijana wa Kirumba
Sijasema hivyo. Soma tena.

Fundi Sauti
Jamani fungueni uzi wenu wa sangara hapa tunapeana uzoefu.

Mistari Myeusi
Ya kwangu fupi. Dokumentari yote nimepiga ndani ya duka la cherehani lenye taa za tyubu, kuangalia kwenye skrini kubwa kuna mistari inapanda na kushuka kama pundamilia. Umeme wetu ni wa hezi 50 na kamera niliiacha kwenye mpangilio wa Marekani, wa hezi 60. Wekeni fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50 ya sekunde mkiwa chini ya taa za umeme. Hakuna aliyetufundisha, nililijua baada ya kufeli.

Ukili
Nimesoma nikaweka simu chini nikaichukua tena. Hili sijalisema popote.

Mimi wa Unguja mjini. Mwaka wa mwisho nikachagua wakulima wa mwani pwani ya mashariki, kijiji sitaji. Kosa la kwanza, ratiba nilipanga Jumamosi na Jumapili, mwezi sikuutazama. Nikafika maji mafu. Mashamba yote yamefunikwa, wanawake wako majumbani wanakata tai-tai za kufungia, hawashuki mpaka bamvua, maji yanapokupwa mbali. Siku mbili zikaniishia barazani. Lakini ndizo zilizonizoesha na bibi mmoja, nikamsaidia kukata tai-tai, akaniita mwanangu.

Bamvua lilipofika nikashuka naye. Amekaa kitako ndani ya maji, kanga imelowa mpaka kifuani, kamba imewambwa baina ya vigingi viwili, anafunga kipande kimoja kimoja cha mwani huku anazungumza, vidole vyake vimechanika pale kamba inapopita. Maiki nimembania ndani ya mtandio. Nikamuuliza, kilo ya mwani mkavu haifiki shilingi elfu, fedha hizo unazifanyia nini? Akacheka, akageuka kutazama ufukweni kama kuna mtu, akasema ana mabati ishirini na mbili yamelazwa kwa dada yake, anajenga, mumewe hajui, akijua atayapeleka kwa mke mdogo.

Nilijua hapohapo nimepata. Mnaijua ile raha, mtu anakupa kitu na fokasi iko sawa na sauti iko sawa. Nikaufanya ndio mwisho wa filamu. Fomu ya ridhaa alitia sahihi, niliisoma mbele yake neno kwa neno. Nikapata alama nzuri.

Halafu nikasema watu lazima warudishiwe filamu yao, tumefundishwa usichukue ukaondoka. Nikaazima projekta, shuka jeupe ukutani mwa skuli, baada ya Isha. Kijiji kizima kilikuja. Yeye kakaa na wenzake upande wa wanawake, mumewe mbele kabisa kwenye mkeka karibu na sheha. Sikukumbuka. Wallahi sikukumbuka mpaka niliposikia sauti yake inasema "mabati".

Wanawake walicheka mwanzo. Kisha kukawa kimya. Yule bwana aliinuka, akaukung'uta mkeka mchanga, akaukunja taratibu, akaondoka.

Mistari Myeusi
Mungu wangu

Kumi na Mbili Kamera Moja
Aki dada usiishie hapo

Dada wa Kuediti
Nimekaa kitandani hapa nimeshika mdomo. Endelea.

Baba Wawili
Tatizo ni huyo mama, siri ya ndoa unaisemaje mbele ya kamera? Alisaini mwenyewe. Mwanafunzi hana kosa.

Bi Shungi
@Baba Wawili siri gani ya ndoa? Mali ya mwanamke ni yake, dini imesema wazi, mume ana wajibu wa kumlisha hana haki ya mabati yake. Alificha kwa kuwa anamjua.

Baba Wawili
Dini hiyohiyo imesema mashauriano ndani ya nyumba.

Bi Shungi
Na yeye alimshauri nani alipooa wa pili?

Nguru Mkavu
Mnaona sasa? Kila mtu anataka ukweli upigwe, ukishapigwa kijiji kinagawanyika.

Kijana wa Kirumba
@Nguru Mkavu ndiyo nilichokuwa nakwambia tangu mwanzo.

Ukili
Nilikwenda kwake asubuhi kabla ya jua kutoka, usingizi sikupata. Nilimkuta anafagia. Nikaanza kulia mimi badala yake. Akaniambia kaa. Akaniambia, "Mwanangu, uliniuliza kama ninaonekana vizuri. Hukuniuliza nani atanitazama."

Bwana alihamia kwa mke mdogo miezi minne, matumizi akakata. Wazee walikaa kikao, wakasema mabati ni ya mwanamke, hayaguswi, kwa hiyo @Bi Shungi uko sawa. Lakini miezi minne ya kula kwa mwani peke yake ni mirefu, na mwani wenyewe msimu ule maji yalikuwa moto ulikuwa unageuka mweupe na kuoza kwenye kamba. Nilimpelekea nilichoweza. Filamu nimeifuta kila mahali nilipoiweka, nikaikata upya, sasa inaishia anapopandisha gunia mgongoni. Lakini kopi ya kwanza ipo kwenye flashi za wanafunzi wenzangu, ukishagawa hukusanyi.

Nyumba imeezekwa. Nimeiona kwa macho yangu mwezi uliopita.

@Baba Wawili fomu ilinilinda mimi, haikumlinda yeye.

Mzee wa Kaseti
Dada Ukili, hilo hata sisi tuliofanya kazi miaka ishirini tumelikosea, wengine mara nyingi kuliko wewe. Utaratibu wangu sasa, kabla ya kuonyesha kwa watu wengi namkalisha mhusika peke yake, mlango umefungwa, anaangalia yote mpaka mwisho. Anaposema toa, natoa, hata kama ndiyo roho ya filamu.

Dada wa Kuediti
Hapo Mzee mimi siafiki kabisa. Ukimpa kila mtu mkasi utabaki na bendera na wimbo wa taifa. Kiongozi uliyemkuta na makosa naye umkalishe umwonyeshe?

Mzee wa Kaseti
Kiongozi ana afisa habari wake. Nazungumzia bibi wa mwani.

Dada wa Kuediti
Sawa hapo tumeelewana.

Fundi Sauti
Na tangu 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sura na sauti ya mtu siyo mchezo tena. Nyie wa droni kibali kwanza, msijifanye hamjui. Na barua ya chuo iwe na muhuri, mpitie serikali ya mtaa kabla ya kufungua mkoba wa kamera.

Mistari Myeusi
Barua haifungui mlango mkuu. Sukari kilo mbili na kukaa siku tatu bila kamera ndiyo inafungua.

Kumi na Mbili Kamera Moja
Siku tatu utazitoa wapi na masaa sita ya kamera? Mimi napiga siku ya kwanza, watu wakishakuzoea wanaanza kukupendezeshea maneno.

Mpiga Tripodi
@Kumi na Mbili lakini bila zile siku nne mama asingelia mbele yangu. Ingawa sasa namsoma Ukili najiuliza, mwanae yule naye nilimuuliza? Sikumuuliza.

Kadi Tupu
Samahanini wakubwa zangu, shikamooni. Nimetumiwa huu uzi na mwenzangu. Mimi ndiye nilikuwa nimeshika kamera leo Feri, tenga lilinipitia hapa sikioni. Tunarudi kesho, tuna siku moja tu ya kamera. Maiki hatuna, tuna simu mbili na hedifoni za kawaida. Tunataka kumhoji mama mkaanga samaki.

Mpiga Tripodi
Marahaba mdogo wangu. Simu moja iweke kurekodi sauti, iingize mfuko wa juu wa nguo yake au mfunge ndani ya kitenge karibu na kifua, weka kwenye hali ya ndege isije ikaita, mmoja wenu apige makofi mara moja mbele ya kamera mwanzoni ndiyo mtaoanishia sauti na picha. Mahojiano msiyafanye kwenye karai, msubirini amalize kukaanga aje akae upande wa baharini nyuma ya ukuta, upepo haufiki pale. Tripodi mkaikunje.

Saa kumi na moja alfajiri nitakuwa getini na hedifoni zangu nzuri. Kama mama mwenyewe ni yule wa karai la pili kutoka mwisho msimwanze, nisubirini, mimi nina kitu cha kumwambia kwanza.